Leo umeme ni wangu: siku moja na piki mbili za nyumba moja

Saa 11 alfajiri, Nsambya, Kampala. Funguo mbili ziko mezani. Nyumba yetu ina pikipiki mbili na madereva wawili wa boda, mimi na kaka yangu. Moja ni Bajaj Boxer ya petroli, tumeshamaliza kuilipia. Nyingine ni ya umeme, bado tunailipia kampuni kila wiki, na betri yake haitakuwa yetu kamwe: ni ya kampuni, sisi tunaibadilisha tu ikiisha. Kila usiku tunapatana nani atapanda ipi.

Leo umeme ni wangu. Kioo cha mbele kinaonyesha betri ina asilimia 64. Kaka anapiga kiki nje, mara ya kwanza hola, mara ya pili Boxer inakohoa na kuwaka, mbwa wa jirani anaanza. Mimi nabonyeza swichi, natoka kimya kama mtu anayedaiwa kodi.

Huo ukimya watu wanausifu sana, ila kwa barabara za Kampala una gharama. Mwendesha Boxer anasikika kabla hajaonekana. Mimi wiki iliyopita mama mmoja wa Kibuye aliniingilia mbele na beseni la ndizi kichwani, hakusikia chochote. Siku hizi kidole gumba hakitoki kwenye honi.

Saa 12 na nusu, Kabalagala. Steji yetu, kijiwe tunaposubiri abiria, iko chini ya mlima wa Muyenga, ule wenye matangi ya maji juu. Mteja wa kwanza ni mzee mmoja mnene mwenye gunia la mkaa, anataka kupanda huko huko. Kwa Boxer najua hesabu yake: gia ya tatu, kisha ya pili, na kabla ya kona ya juu niko kwenye ya kwanza, injini inalia na abiria anaanza kuomba. Kwa umeme nazungusha mkono, basi. Hakuna klachi, hakuna gia, nguvu yote iko pale pale tairi likianza kuzunguka. Tumempita kijana wa Boxer katikati ya mlima, naye hakufurahi.

"Hii kitu ina nguvu, kijana," mzee akasema.

Ina nguvu kweli, mzee. Lakini yeye hakuangalia kioo. Tulianza na 58, juu tukafika na 53. Kilometa hazikufika mbili! Na kuteremka hakukunirudishia kitu cha maana.

Saa 2 hadi saa 4 ni kazi ya mjini: Nsambya, Clock Tower, Kikuubo, Nakasero, rudi. Kwenye foleni umeme ndio mfalme. Boxer ikisimama inaendelea kunywa petroli na kukuchoma mguu. Hii ikisimama imesimama. Petroli si rahisi, mwaka 2022 lita tuliinunua kwa zaidi ya shilingi 6,000, kwa hiyo kila dakika ya foleni ninayokaa bila kuchoma kitu naihesabu kama faida.

Betri ikifika asilimia 20 mambo yanabadilika, na hapa ndipo wauzaji hupita haraka. Petroli ya mwisho kwenye tangi ina nguvu sawa na ya kwanza. Umeme wa mwisho huwa umechoka. Chini ya 20 piki yangu inakuwa nzito, mlima mdogo wa Nakasero unakuwa Rwenzori, na abiria anakuuliza kama umelala vizuri.

Saa 4 na nusu, kituo cha betri. Nimefika na 17. Kazi yenyewe ikienda sawa haizidi dakika mbili: unafungua kiti, unachomoa plagi nene, unashika mpini na kuvuta. Betri ni nzito, karibu kama jerikani ya maji iliyojaa, na unainyanyua kwa mgongo uliokwisha kubeba siku nusu. Kijana wa kituo anaisoma namba kwa simu, anakupa nyingine, unachomeka, unalipa kwa simu.

Leo haikuenda sawa. Umeme ulikatika mtaa huo tangu alfajiri, zilizojaa ni chache, na mbele yangu kuna piki sita. Nimekaa dakika hamsini. Asubuhi ya boda ni pesa, jamani, na mimi niko kwenye kivuli cha kontena la kituo nahesabu wateja wanaopanda Boxer za wenzangu.

Zamu yangu ilipofika, kijana akaniletea ile yenye mkwaruzo mrefu ubavuni. Madereva wote wa kituo kile tunaijua. Inasoma 98, ukifika Kibuye inasoma 80. Betri huzeeka kama mtu, na ukiwa unabadilisha huwezi kujua umepewa kijana au babu mpaka uwe barabarani.

"Ssebo, hiyo hapana. Nipe nyingine."

"Zote ni sawa, kaka."

"Basi panda wewe."

Akacheka, akaleta nyingine.

Saa 7 mchana, kikomando steji. Chapati zimekatwakatwa, maharage juu, na mjadala ule ule. Chairman wa steji yetu hataki kusikia habari za umeme, na hoja yake si ya mtu mjinga. Boxer ikifa popote, anasema, hata ndani kabisa Masaka, kuna fundi chini ya mwembe mwenye spana na plagi. Ya umeme ikifa, fundi wa mwembe anaitazama kama ndege iliyoanguka. Mimi namjibu kwamba sinunui oili, sina kabureta ya kusafisha, kilichobaki ni breki na tairi. Sikumwambia kwamba mwezi uliopita malipo ya wiki yalichelewa siku mbili na kampuni ikaizima piki kutoka ofisini kwao, mimi nikiwa na abiria wa hospitali. Boxer haijawahi kunifanyia hivyo. Boxer haina bosi.

Saa 9, mvua. Niliisubiri chini ya paa la duka na wenzangu ishirini. Ya kusimulia hakuna.

Saa 11 jioni, simu. Mteja wangu wa zamani anataka kwenda uwanja wa ndege Entebbe, karibu kilometa 40, pesa nzuri. Betri moja ikijaa inanipa kilometa 60 hivi nikiwa na abiria, na leo niko kwenye 31. Hata ningekuwa nayo kamili, ningerudi nikisukuma. Nikampigia kaka. Akaweka lita mbili kwa dakika tatu, akaenda.

Nilimtazama akipita na mteja wangu, na nikakumbuka kwetu Busia. Neno boda lenyewe lilizaliwa pale mpakani, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Uganda na Kenya. Tulikua tukiona malori ya mafuta yakipanga foleni kutoka upande wa Kenya, na yakikwama huko, huku Kampala bei inaruka. Umeme wangu unatoka hapa hapa kwenye Nile, Jinja na Bujagali, na tangu 2024 Karuma yenye megawati 600. Maji tunayo. Kinachonikwamisha ni kontena moja lenye betri sita.

Saa 2 usiku. Hesabu mezani. Kaka amechoma lita nne na nusu. Mimi nimebadilisha betri mara mbili, ya pili jioni bila foleni, na zote mbili hazikufika bei ya lita zake. Lakini mfukoni amenizidi, kwa sababu ya Entebbe na zile dakika hamsini.

Anajinyoosha, anasugua kiuno. Mtetemo wa Boxer kutwa nzima si mchezo, na umri wake si wangu.

"Dogo, kesho nipe hiyo yako."

"Chukua, kaka. Ila ukifika kituoni usikubali ile yenye mkwaruzo."