Fundi hana cheti ila chombo hakivuji

Zile mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta mimi sina ugomvi nazo, ukiipa mchoro inakutolea maua kwenye mlango safi kabisa na haichoki wala haiombi chai. Ila nikisikia mtu anasema ufundi wa mikono siku hizi umebaki wa watalii tu, hapo ndo nabisha, na huwa nabisha kwa mfano wa vyombo vya baharini kwa sababu kinyago kikiwa na kasoro utakiweka sebuleni upande wa kasoro ugeuzie ukutani, mashua ikiwa na kasoro utaogelea.

Huku kwetu, kuanzia Mikindani kupanda mpaka Kilwa, ukikuta watu wanaunda mashua hebu kaa kidogo uangalie. Hamna mchoro. Fundi analaza mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, anasimamisha fashini, mti wa kwenye ncha ya chombo, anapima kwa kamba na kwa jicho, na ile ramani yote iko kichwani kwake. Kinachonimaliza mimi ni mataruma, zile mbavu za ndani. Seremala wa vitanda akiona mti umepinda anaukataa, huyu wa vyombo anaingia porini kuutafuta huohuo, anazunguka anaangalia matawi mpaka apate lililopinda lenyewe sawa na tumbo la mashua anayoiwaza, kwa sababu ukichukua ubao ulionyooka ukaukata umbo la kupinda umekata nyuzi za mti katikati na hapohapo ndo patavunjika siku wimbi likipiga vizuri. Yani kazi imeanza hata shoka halijagusa kitu, na kwa anayepita atasema huyu mzee anatembea tu msituni.

Halafu kalafati. Pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta, inapigiliwa kwenye kila mwanya wa mbao. Ukipunguza maji yanaingia, ukizidisha unazisukuma mbao zenyewe zinaachana, na mbao zikishaingia majini zinavimba kwa hiyo lazima uache nafasi ya huo uvimbe ambao bado haujatokea. Fundi anajuaje pametosha? Anasikiliza mlio wa nyundo. Ukimuuliza akueleze atakwambia "utasikia tu mwanangu", na ukweli ni kwamba usipopiga mwenyewe husikii kitu. Mwisho wanapaka deheni chini, chokaa na shahamu, mdudu wa baharini asitoboe (harufu yake tuiache kama ilivyo).

Sasa sisemi boti za faiba mbaya. Ni nyepesi, hazitaki kalafati kila mara, na mbao nzuri zimekuwa adimu na bei imepanda, mvuvi akichagua faiba nani wa kumnung'unikia? Lakini mashua ya mbao ikiumia unaivuta juu, unatoa ubao mmoja, unaweka mwingine, na unajua wa kumwita ni nani, tena yeye mwenyewe anajua ule ubao aliupata wapi na kwa nini aliupitisha. Kwangu thamani ya ufundi iko hapo, kwamba kuna mtu aliamua kila kitu na anaweza kuulizwa. Mlango wa mashine ukipasuka unamuuliza nani, ile faili?

Kwenye vinyago ni kitu hichohicho ila pale mimi huwa napandwa na hasira. Mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kukomaa, ni mzito mpaka unazama majini, nje mweupe ndani ndo mweusi, na mchongaji wa Kimakonde anatoa ukoo mzima wa watu waliopandiana kwenye gogo moja bila kuunga hata kipande. Mti huohuo unaenda Ulaya kutengenezewa klarineti na obo, zile ala za muziki za kupuliza. Misitu ya vijiji kule Kilwa, Kikole na Kisangi, ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, lile shirika la kimataifa la kukagua misitu, kwamba inavunwa vizuri, safi sana. Ila fundi wa klarineti Ufaransa hakuna anayemwambia "punguza mzee, si kipande cha mti tu hiki", wa kwetu anaambiwa kila siku, na mara nyingi tunaomwambia ni sisi wenyewe, halafu tunageuka tunanunua mti laini uliopakwa dawa ya viatu na tunajisifu tumepata kwa bei ya kutupa.

VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anapewa cheti. Naunga mkono. Ila cheti kinamsaidia ambaye tayari anajua, hakimleti wa kurithi. Zamani mjomba anafundisha mpwa wake na mpwa hana pa kwenda, leo mpwa ana bodaboda, jioni ana hela mfukoni, wakati mwanafunzi wa fundi anashika ncha ya ubao na kuchemsha chai miaka na miaka mpaka sikio lake lizoee ule mlio. Ningekuwa mimi ningepanda bodaboda.

Kwa hiyo badala ya kuwasema vijana hawapendi kazi, mimi naona bei ya chombo iwe na fungu la mwanafunzi, lisemwe kabisa mwanzoni kama inavyosemwa bei ya misumari, tajiri alipe kwa sababu miaka ishirini ijayo atakayemrekebishia mashua ni huyuhuyu mchemsha chai. Kuna tajiri mmoja wa vyombo nimemweleza haya yote kwa kirefu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, kijana atakuwa anampa kitoweo.

Haya bana, tutaanzia kwenye kitoweo.