Marahaba mara mbili

Wifi kajifungua Jumatatu (wa kiume, wote wazima), Baba Neema kahamishiwa zamu ya usiku, bei ya gesi imepanda tena, na mimi kichwani nina neno moja tu tangu Jumamosi: marahaba.

Nilikuwa nachezesha mechi ya kikapu. Robo ya nne, wenyeji wako nyuma pointi tatu. Namba saba wao akaingia kwa kasi akamvaa beki ambaye alishasimama zamani, miguu chini, kifua mbele. Nikapuliza, nikagonga ngumi kwenye kiganja: faulo ya namba saba. Yule baba wa shati la drafti, aliyekuwa na mimi tangu robo ya kwanza, akasimama.

"Mama, ugali unaungua huko nyumbani, wahi!"

Watu wakacheka. Sasa nyie mnajua mwezi uliopita nilivyowakalisha waamuzi wapya chini nikawaambia mtazamaji si wa kwako. Faulo ya kiufundi, ile ya tabia, si ya kugusana, kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni ya mchezaji, kocha na walioko benchi, jukwaani haifiki. Mtu akizidi, subiri mpira ufe, nenda mezani, waambie wenyeji wamtoe, wewe kaa mbali naye. Pakichafuka, refa mkuu ana mamlaka ya kusimamisha mchezo. Niliongea vizuri sana siku ile. Hadi mifano nilitoa.

Nikamgeukia. "Njoo basi upulize wewe, mimi nikapike!" Na filimbi nikamnyooshea.

Jukwaa zima likalipuka, na kwa sekunde kama tano hivi, sitaki kudanganya, nilisikia raha. Mwenzangu akapita karibu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mpira." Ndipo nikamwona namba saba. Ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Sikuunganisha hadi mchezo ulipoisha. Nimekaa ukingoni nabadilisha viatu, kivuli kikasimama mbele yangu.

"Shikamoo refa."

"Marahaba."

"Samahani kwa ajili ya baba."

"Marahaba."

Halafu nikaanza kufuta filimbi kwa ncha ya fulana, kana kwamba ilikuwa na tope. Nilipoinua macho ameshafika getini, begi linamgonga mgongoni.

Nimerudia hapo nikikanda chapati, nikiwa kwenye daladala, hata kanisani. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake alianza? Ana miaka kumi na minne, anajua nani alianza. Mimi ndiye niliyemtangazia uwanja mzima.

Jana nikamsimulia Neema. Aliposikia ile marahaba ya pili alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mama! Mtu anakuomba samahani, wewe unaitikia salamu?" Nikajaribu kukasirika, nikashindwa, tukacheka wote mpaka Baba Neema akaamka kuuliza kuna nini.

Jumamosi nimepangiwa timu ileile. Nitawahi, nimwombe mwenyeji aweke mtu wake upande ule wa jukwaa kabla hapajapata moto. Na namba saba nitamtafuta wakati wa kupasha misuli.

Ila mama kapiga simu kutoka Kibosho, ng'ombe hajagusa majani tangu jana asubuhi na tumbo limejaa upande wa kushoto. Daktari wa mifugo hapokei.