Nyota ya Nne

Kitambaa cha kijani kilikuwa cha bendera za TANU. Baba alikuwa fundi cherehani Mtaa wa Swahili, Kariakoo, na wiki ile alikuwa na oda ya matawi mawili ya chama kwa ajili ya Saba Saba, basi majora ya kijani na meusi yalijaa barazani hata pa kuweka mguu hapakuwa. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi, vumbi lake likiingia kila mahali, na Mama kutwa alikuwa akifunika vitambaa kwa mashuka ya zamani.

Jumapili tarehe 6 Julai 1975, watu wametoka kusali magharibi, akaja mzee mmoja wa Kingazija ambaye sisi watoto tulimwita Babu ingawa hatukuwa na nasaba naye. Alikuwa karibu sana na MOLINACO, chama cha ukombozi wa Komoro kilichoanzishwa na Wangazija wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufanya Dar es Salaam kuwa makao yake. Hakuketi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akamwambia Baba:

"Fundi, wametangaza. Baraza la Moroni limepitisha leo. Nataka bendera kabla ya jua la kesho."

Baba alivua miwani. Mguu wake ulikuwa umeondoka kwenye kikanyagio, na gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka taratibu mpaka likasimama lenyewe. Akasema alhamdulillahi mara tatu, kisha akauliza swali la fundi: "Ukubwa gani?"

Nilikuwa na miaka 12. Mwaka ule uhuru ulikuwa kitu kinachopita mlangoni kwetu. Tarehe 25 Juni Msumbiji ilikuwa imepandisha bendera yake, na shuleni tuliimba nyimbo za FRELIMO kama vile ni zetu. Tarehe 5 Julai, jana yake tu, ilikuwa zamu ya Kepuvede. Nyumbani kwetu tulikuwa tukingoja ya Komoro. Redio Tanzania ilikuwa ikiwapa watu wa MOLINACO nafasi ya kusema Kikomoro hewani, na ikifika saa yake Baba alisimamisha kazi, mteja awepo asiwepo.

Lakini Baba hakuwahi kuiona Komoro. Alizaliwa Unguja, mtoto wa baharia kutoka Ngazija, na Dar tulihamia mwaka 1968 kwa sababu ambazo zina kisa chake. Aliyevijua visiwa kwa macho ni Mama. Alizaliwa Pamandzi, kwenye kile kisiwa kidogo cha Maore, ile ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte, akaletwa Unguja akiwa bibi harusi wa miaka 17. Nyumba yetu ilikuwa hivyo: Baba ana siasa, Mama ana ndugu.

Jora moja la kijani lilikuwa limebakiza yadi tatu na kitu. Baba alilipima mara mbili, akaandika kwenye daftari kwamba zile yadi atazilipa kwa fedha yake, kisha akakata. Bendera ya Komoro wakati ule ilikuwa ya kijani, na juu yake mwezi mwandamo mweupe na nyota nne nyeupe, moja kwa kila kisiwa. Mwezi aliuchora kwa chaki akizungushia sahani ya bati. Nyota zilimsumbua. Mwishowe Babu alichukua karatasi ya gazeti, akaikunja mara tano kwa namna ambayo mpaka leo najua kuifanya, akaikata kwa mkasi mkato mmoja wa mshazari, akaikunjua: nyota ya ncha tano, imetimia. Nilishangaa mno. Tukaiweka juu ya bafta nyeupe, tukakata nne.

Mwezi Baba aliushona kwa cherehani. Nyota zilikuwa na ncha kali ambazo cherehani ingezikunjakunja, na kazi ya sindano ya mkono pale nyumbani ilikuwa ya Mama. Akaja na kigoda, akakaa chini ya taa, mimi nikawa namtungia uzi. Alikunja pindo la kila ncha kwa ukucha, akalipiga bandi, halafu akashona kwa mishono midogo ambayo usingeiona ila kwa kupapasa. Kila nyota aliitaja kabla ya kuianza. "Ngazija." Akamaliza. "Nzuwani." Akamaliza. "Mwali."

Ya nne aliiweka juu ya paja, akachomeka sindano kwenye kanga yake kifuani, akamgeukia Babu.

"Wabunge wa Maore walikuwepo barazani leo?"

Babu alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini. "Hawakuwepo."

"Walikataa kuja?"

"Hawakuja, binti yangu."

Baba akasema, "Mama Fulani, si usiku wa maneno hayo." Alimwita kwa jina langu, na najua alipomwita hivyo alikuwa anamwomba. Mama hakuinua sauti. Alisema nyota ya kwao haishonwi na mtu ambaye hajaulizwa.

Siwezi kuandika kila lililosemwa. Lakini hoja za pande zote mbili nimekaa nazo miaka 50, nazifahamu kama namba za nyumba za mtaani kwetu.

Babu alianza na sheria, na alijua anachosema. Juni 1973 Wafaransa na viongozi wa Komoro walikubaliana kwamba watu watapiga kura, na hesabu itakuwa moja ya visiwa vyote. Oktoba 1974 Rais Giscard d'Estaing mwenyewe alisema hadharani kwamba Komoro ni kitu kimoja. Mwezi uliofuata bunge la Paris likapitisha sheria ya kura, na ndani yake neno la Kifaransa la kumaanisha watu wa nchi likatiwa herufi s mwishoni, likawa la wingi. Babu alichora ile s kwa kidole juu ya meza ya kukatia, kwenye vumbi la chaki. "Herufi ambayo wao wenyewe hawaitamki," alisema, "ndiyo wanayotaka kutukatia kisiwa." Tarehe 22 Desemba 1974 watu wakapiga kura: kwa jumla asilimia 95 walitaka uhuru, lakini Maore karibu asilimia 64 walikataa. Na siku tatu tu kabla ya Jumapili ile, Paris ilikuwa imeamua kwamba katiba ya nchi mpya lazima ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Ndiyo maana Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, hakungoja tena.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimtuma binti yake, yaani mimi, nikalete mkoba wa barua ulio chini ya mto wake.

Zilikuwa barua za Khalati, dada yake mkubwa, alizokuwa akizituma kwa mkono wa mabaharia na wafanyabiashara. Mama alijua Kurani na herufi za Kiarabu, na barua zilikuwa za herufi hizo, kwa hiyo alizisoma mwenyewe. Khalati alikuwa akipika vitumbua na kuwauzia makarani wa Dzaoudzi, ng'ambo tu ya Pamandzi, wakati Dzaoudzi ilipokuwa makao makuu ya visiwa vyote. Mwaka 1958 ikaamuliwa makao makuu yahamie Moroni, na katika miaka iliyofuata ofisi zikahama moja moja, na makarani nazo, na mishahara, na mume wa Khalati aliyekuwa tarishi. Alikwenda Moroni kufuata kazi, akaoa huko, hakurudi. "Leo nimerudi na sinia zima," iliandikwa katika barua moja. "Hakuna wa kununua. Wamehama na matumbo yao."

Barua nyingine ilieleza habari za wanawake wa Maore waliokuwa wakijipanga chini ya Zéna M'Déré. Akija mkubwa wa serikali kutoka Moroni, walimzunguka wakamtekenya mpaka akaikimbilia ndege. Mimi nilicheka. Mama alinitazama, nikanyamaza.

"Dada yangu yumo katika hao," alisema. "Mnasema ni vibaraka wa Mfaransa. Dada yangu hajui hata Kifaransa cha kuombea maji."

Babu alisema kwa upole kwamba Mfaransa hakuichukua Maore kwa kuwapenda. Aliipata 1841 kwa mkataba na Andriantsoly, Msakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, ambaye naye alikuwa mgeni pale, akapanda miwa. Vile visiwa vitatu vingine akavitia mkononi 1886. "Ametutawala sote. Sasa anataka kuondoka kama mtu anayehama nyumba ya kupanga na mlango mmoja kwapani."

"Ni kweli," Mama alisema. "Na Moroni iliwahi kwenda kuwauliza wale wanawake wanakula nini?"

Hapo hakuna aliyejibu. Baba alishika mkasi akaufungua na kuufunga. Nje walikuwa wanapita vijana wanaimba nyimbo za chama kwa ajili ya kesho.

Niseme ninavyoona mimi, kwa sababu nimefika umri wa kusema. Babu alikuwa na haki. Nchi inayotoka ukoloni hutoka kwa mipaka ile iliyokuwa nayo, na kubadili hesabu baada ya kura kupigwa ni dhuluma. Umoja wa Mataifa nao ulipoipokea Komoro tarehe 12 Novemba 1975 uliipokea ikiwa visiwa vinne. Lakini na Mama alikuwa na haki, na haki yake ndiyo iliyonyamaziwa. Mkoloni alipata pa kushika kwa sababu palikuwa na jeraha, na jeraha lile si yeye peke yake aliyelitia. Wakubwa wa Moroni walipelekewa malalamiko ya kikapu cha vitumbua wakayaona madogo. Inaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Ilikuwa saa tisa za usiku Mama alipochomoa sindano kifuani. Hakuna aliyemshinda kwa maneno. Alinyosha ile nyota juu ya goti, akaniambia nitunge uzi mara mbili uwe imara.

"Nitaishona," alimwambia Babu. "Lakini nimeishona mimi, si ninyi. Mkimwona mtu wa Maore mwambieni hivyo."

Babu alisema, "Inshallah nitamwambia."

Hakuitaja jina alipoianza. Nilishika taa ya chemli karibu na mkono wake maana umeme ulikuwa umekatika, na nilimwona akirudia kila mshono, nyuma na mbele, kama anayeshona gunia la safari. Alfajiri Baba alipiga bendera pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, Babu akaifunga katika gazeti, akaondoka nayo kwapani. Hakulipa, wala Baba hakutaka. Kisha sote tukarudi kwenye kazi ya TANU, kwa kuwa Saba Saba ilikuwa imeshaingia na bendera sita zilikuwa bado hazina pindo.

Bendera ile ilipepea mahali, sikuiona. Tarehe 3 Agosti, hata mwezi haujatimia, Abdallah alipinduliwa. Ali Soilih alipokuja kushika hatamu bendera ikawa nyekundu na kijani, na ile yetu ya kijani kitupu ikawa haina kazi. Babu aliirudisha mwenyewe, imeoshwa na kukunjwa. Mama aliitia sandukuni pamoja na udi.

Februari 1976 Ufaransa iliandaa kura nyingine, ya Maore peke yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka azimio Baraza la Usalama kuipinga. Tarehe 6 Ufaransa ikalikata kwa kura ya turufu, na tarehe 8 kura ikapigwa. Zaidi ya asilimia 99 walitaka kubaki na Ufaransa. Baba alizima redio kabla habari haijamalizika, na usiku ule hakula.

Barua ya Khalati ilifika mwezi wa Aprili. Alisema naye amepiga kura ya kubaki, na akamwomba mdogo wake asimkasirikie. Mama alinikalisha nimwandikie jibu, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Alinitajia salamu za nyumba nzima, mmoja mmoja, kisha akakaa kimya kitambo kirefu.

"Mwandikie kwamba ipo bendera," akasema. "Nyota yake niliishona mwenyewe, kwa uzi wa mara mbili. Ninayo sandukuni."

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Khalati alieleza habari za mvua, na za mwembe ulioanguka nyuma ya nyumba yao ukaponea chupuchupu kuiangukia paa, na akaomba tumtafutie kanga doti mbili, moja iwe ya kisutu. Nyota hakuitaja. Mama aliniambia niisome barua tena tangu mwanzo, nikaisoma, kisha akajifunga baibui akaenda kununua kanga.