Kikombe cha maji barazani Mkomani

Mwana wa dada yangu alitimiza miaka minne bila kutamka neno, na hapa Lamu maelezo hayakukosekana: wapo waliosema amepatwa na jicho la hasidi, na wapo waliotutaka tungoje tu. Tulipoambiwa kuwa ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu, nilianza kusoma juu ya tiba ya tabia, ambayo msingi wake ni kwamba kitendo kinachofuatiwa papo hapo na kitu anachokipenda mtoto huelekea kurudiwa, na kwamba ujuzi mkubwa hugawanywa katika hatua ndogo ndogo zinazopimwa na kuandikwa.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Marekani alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao wakamaliza darasa la kwanza la kawaida. Matokeo hayo yalitutia moyo, ingawa haikuamuliwa kwa kura ni watoto gani wafundishwe hivyo na ni wapi wawe wa kulinganishwa nao, na adhabu zilizotumika wakati ule nazikataa katakata.

Dada hushika kikombe cha maji usawa wa macho ya mtoto, akangoja. Mwanzo mtoto akikitazama tu alipewa fundo moja na kusifiwa. Baadaye ilibidi atoe sauti, "ma", ndipo apate. Kila jaribio lilitiwa alama ya penseli daftarini, na alama hizo zilimridhisha bibi yake kuliko maneno yangu yote. Juzi, baada ya magharibi, mtoto alimgeukia bibi huyo akasema "maji". Mkono ulimtetemeka bibi, lakini alimpa mara moja, kama tulivyomwelekeza.