Bibi zangu wawili ndo walinipa hii biashara ya mikoba ya krosheti
Watu wananiuliza inbox nilisomea wapi haya mambo, jamani mi sijasomea popote, nimekulia miguuni kwa bibi wawili tu. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa krosheti, anafuma huku anapiga stori wala haangalii mkono, na bibi mzaa baba yeye na cherehani yake ya kukanyaga na mfuko wa vipande vya vitambaa, ole wako utupe hata kimoja. Sasa hii mikoba ninayouza ni hao wawili wamekutana, nje krosheti ndani bitana ya vipande, maana krosheti bila bitana ukiweka vitu vizito inavutika na funguo zinachungulia matunduni 😂 Uzi natumia wa pamba, sufu ikiingia maji ya moto inasinyaa na kugandamana, basi tena. Na nyie wa "mbona bei juu", mashine za kufuma sweta zipo kibao ila krosheti bado ni mkono na sindano moja, tundu kwa tundu, kwa hiyo sishushi. Bibi mzaa baba nikimpelekea mkoba anaugeuza ndani nje kwanza akague mishono, urembo wa nje haumhusu kabisa. Oda bado nachukua, rangi unachagua mwenyewe.