Siku za Maji Mafu

Leo siku ya tisa sijaandika hata mshororo mmoja. Daftari lipo pale pale juu ya kabati, na kila nikilipita nainamisha macho kama mwenye deni.

Siku kumi nyuma nilitoa beti 12 za tarbia, mishororo minne kila ubeti, kwa usiku mmoja. Vina vilikuja vyenyewe, vikifuatana, hadi adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimeinamia karatasi. Shairi ni la harusi ya mdogo wangu, na nilijua kabisa kesho yake nitalimaliza. Kesho ikafika, nikakaa, hakuna kitu.

Jana nikapanda gari kwenda Jambiani kwa mama. Nilimkuta barazani na rundo la kamba za mwani, anafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mwani kwenye kamba.

"Mama, leo huendi pwani?"

"Maji mafu haya, mwanangu. Nende nikafanye nini?" Mkono wake haukusimama.

Kilimo cha mwani kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na mama yumo tangu mimi sijazaliwa. Bamvua likiingia, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali, na kwenye saa nne asubuhi vijiti vyote vya shamba la mwani viko wazi. Hapo ana saa chache tu za kuvuna na kupanda kabla maji hayajarudi. Hawezi kuanza kutafuta kamba. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, naye hukaa barazani na taitai zake. Sijapata kumsikia akisema bahari imemsusa, wala kwamba yeye kawa mvivu. Mimi siku kama hizi hujiambia maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mtoto wa mtu.

Nikakaa mkekani nikamsaidia. Hatukuzungumza sana. Fundo, fundo, fundo, mara nikajikuta nazihesabu nane nane, kama mizani, silabi za mshororo.

Usiku niliporudi mjini nililifungua daftari kwa nyuma. Shairi sikuligusa. Nimeandika maneno tu yanayomalizikia na "ri": hariri, uturi, johari, sukari, bahari. Halafu nikazirudia zile beti 12 kwa kidole, silabi baada ya silabi. Ubeti wa nne una mshororo wa mizani 17! Usiku ule wa shangwe sikuuona. Nimeondoa "na" moja, umekaa sawa kwenye 16.

Kichwa changu hakifuati mwezi, hilo nalijua. Mama anaijua siku bamvua litakapoingia. Mimi langu silijui, na ndilo linalonitia hofu hasa, maana harusi ina tarehe. Hofu hiyo bado ninayo hata sasa ninapoandika haya.

Asubuhi mama amepiga simu. Jumamosi maji yatatoka vizuri, anataka nikamsaidie kubeba kamba. Nimemwambia nakuja. Kurasa tatu za vina zimeshajaa, nitakwenda nazo.