Flashi ya Ndani Iliyogoma kwa Sababu ya Pimamaji

Nilikuwa na mazoea ya kuacha pimamaji ndogo ya plastiki juu ya kamera, ikiwa imechomekwa katika ile reli ya chuma iliyowekwa kwa ajili ya flashi ya nje, kwa kuwa hupenda kupiga picha za majengo na sitaki mistari yake ilale upande. Jioni moja nilihitaji mwanga kidogo wa kuondoa kivuli usoni mwa mtu aliyeketi mbele ya dirisha. Nilibonyeza kitufe cha flashi ya ndani, nayo haikuinuka. Nilibadilisha betri, nikazima kamera na kuiwasha, nikapekua menyu yote, bila mafanikio.

Flashi yenyewe ilikuwa nzima. Ndani ya ukingo wa reli ya kamera yangu mna swichi ndogo, ambayo hubonyezwa na kitako cha kifaa chochote kinachoingizwa. Kamera haiwezi kutofautisha flashi, maikrofoni na kipande cha plastiki kisicho na waya hata mmoja. Swichi ikishabonyezwa, huchukulia kwamba flashi ya nje imefika, ikaizuia ya ndani. Tahadhari hiyo ina maana, kwani kichwa cha flashi ya ndani huinukia pale pale juu ya reli na kingegonga kilichopo. Kilichoniudhi ni kwamba haikunionyesha ujumbe wowote.

Nilipoitoa pimamaji, flashi iliinuka. Siku chache baadaye iligoma tena, safari hii reli ikiwa tupu, kwa sababu swichi ilikuwa imenasa chini. Nilizima kamera, nikatoa betri, kisha nikaichokoa swichi taratibu kwa kijiti cha mbao mpaka ikarudi juu. Sindano sikuithubutu, maana sehemu za kupitishia umeme ziko karibu mno.

Wapo wanaokipunguza kitako cha kifaa kwa tupa ili kisiifikie swichi. Mimi niliona kifaa kitalegea, na bado kichwa cha flashi kitakigonga. Nilichagua mkono wa chuma wenye reli yake, unaofungwa kwenye tundu la skrubu ya stendi chini ya kamera, nikahamishia pimamaji huko baada ya kuhakikisha kwamba mkono umekaa sambamba na kamera.

Kazi iliyonisumbua zaidi ilikuwa kutumia flashi ya pili. Kifyatuzi cha redio, yaani kifaa kinachowasha flashi ya mbali kwa mawimbi ya redio, kikikaa juu ya kamera, kingezima flashi ya ndani vilevile, hivyo nilitumia flashi yenye kihisi kinachofyatuka kinapoona mwanga wa flashi nyingine. Mwanzoni flashi hiyo iliwaka lakini mwanga wake haukuonekana pichani. Sababu ni kwamba flashi ya ndani, ikiwa katika hali ya kujipima yenyewe, hutoa mmweko wa majaribio kabla shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, haijafunguka, na kihisi kilikuwa kikidanganyika na mmweko huo. Niliiweka flashi ya ndani katika hali ya mkono, ambapo mimi ndiye ninayepanga nguvu na mmweko wa majaribio hautolewi, nguvu ikiwa 1/16 ya ile kamili, na kasi ya shata 1/200 ya sekunde, na zote mbili zikawaka kwa pamoja. Kwa nguvu hiyo flashi ya ndani haiongezi mwanga mwingi usoni. Hutosha tu kuiamsha mwenzake.

Ndani ya chumba mpango huu haujaniangusha. Nje kwenye jua kali kihisi mara nyingi hakiuoni mmweko, na hapo hurudisha kifyatuzi cha redio kwenye reli na kuisamehe flashi ya ndani.